Namba ya Kufungia

Lushoto mwezi wa saba si mahali pa kulala bila soksi. Ukungu uliingia bwenini kwetu kwa chini ya mlango, ukapanda vitandani, na asubuhi shuka zilikuwa na unyevu kama nguo iliyoanuliwa kabla ya kukauka. Tulikuwa wasichana 40 katika chumba kimoja kirefu, vitanda vya dabo deka, matranka ya bati yamepangwa ukutani, harufu ya sabuni ya mche imeshika kila kitu. Saa nne usiku jenereta lilizimwa. Baada ya hapo kulikuwa na koroboi, ambayo matroni akiikamata aliondoka nayo, au kulikuwa na tochi. Mimi nilikuwa na tochi ya betri tatu niliyopewa na baba. Nadhani ndiyo iliyonifanya mwandishi, maana mwenye mwanga ndiye aliyesoma, na wengine wakasikiliza.

Mwaka ulikuwa 1990. Nilikuwa kidato cha pili, nina miaka 15.

Tulichosoma ni Joram Kiango. Bweni zima lilikuwa na riwaya tatu za Ben Mtobwa. Mbili hazikuwa na majalada, na ya tatu ilikatika kurasa za mwisho, ikatuacha Joram yuko mikononi mwa maadui na hatujui atatokaje. Ile isiyo na mwisho ndiyo iliyoanzisha mambo. Jumamosi moja, baada ya chakula cha usiku, walinisukumia: wewe si ndiye unayesoma, basi tumalizie. Nikamaliza kwa mdomo, papo hapo, nikabahatisha. Wakapiga makofi. Wiki iliyofuata nikaandika kurasa nne. Wiki ya tatu nikaona hakuna sababu ya kumaliza, nikachukua kaunta buku la kwaya mbili lililonunuliwa kwa ajili ya jiografia, nikaanza kisa kipya kabisa ambacho Mtobwa hakuwahi kukiandika. Tuliita mwendelezo. Leo vijana wanaofanya kazi kama ile wanaita hadithi za mashabiki na wanaziandika kwenye simu, lakini kiu ni ile ile: kitabu kimekwisha na wewe hujakwisha nacho.

Katika kisa hicho nikamwingiza msichana wangu. Nikamwita Sabrina.

Sabrina alikuwa na miaka 19. Nywele zake zilifika kiunoni. Alizungumza lugha tisa, akaendesha ndege, akapiga bastola kwa mkono wa kushoto na wa kulia. Baba yake alikuwa balozi huko Geneva. Alipoingia mahali watu walinyamaza. Joram Kiango alipomwona mara ya kwanza alisahau sigara yake mpaka ikamchoma vidole. Kufikia ukurasa wa saba Joram alikuwa amempenda, na kwa kuwa Joram ana Nuru, mwenzake wa safari nyingi, ilibidi Nuru afe. Nikamuua kwa ajali ya gari, sentensi mbili.

Wasikilizaji wangu walimpenda Sabrina kwa Jumamosi mbili. Ya tatu nikasikia mtu anakoroma. Mwingine akaomba nirudie ile riwaya yenye jalada. Nilidhani ni uchovu wa mchakamchaka. Aliyenieleza ukweli ni dada wa kidato cha nne aliyelala kitanda cha chini yangu. Kwao ni Kigoma, alikozaliwa Mtobwa, na alijivunia jambo hilo kama vile ni mjomba wake. Riwaya zile alizisoma mpaka zikamkaa kichwani. Usiku ule taa zimeshazimwa aligonga mbao za kitanda changu kwa kidole.

"Mdogo wangu, hujalala?"

"Bado, dada."

"Mbona Joram amekuwa mjinga?"

Sikuwa na jibu. Akaendelea kwa sauti ya chini, bila kunisuta. "Joram wa kwenye kitabu angeligundua lile bomu mwenyewe. Wewe umemfanya alipite, ili huyo msichana wako aligundue. Na Inspekta Kombora, mtu mzima, mpelelezi wa siku nyingi, umemfanya kazi yake ni kufungua mlango na kusema Sabrina ana akili. Na Nuru amekufa kwa nini?"

"Ajali."

"Ajali iliyosababishwa na nani?"

Nilikaa macho kwa muda mrefu. Ilikuwa imesababishwa na mimi. Nilihitaji nafasi yake nikamwondoa, kama mtu anayehamisha tranka la mwenzake ili la kwake likae karibu na dirisha. Jambo hili nimelibeba katika kazi yangu yote ya uandishi, na bado ndilo ninalolitazama kwanza nikiletewa hadithi ya kijana aliyemtia mhusika wake mwenyewe katika dunia iliyojengwa na mwingine. Sijali sana kama mhusika huyo ni mzuri wa sura au hodari wa kupigana. Natazama waliomzunguka. Je, wamepungukiwa akili tangu alipofika? Je, kila mmoja sasa anamzungumzia yeye tu? Uzuri wa Sabrina haukuwa na kosa. Kosa ni kwamba ulilipwa na wengine.

Kesho yake nikajaribu kumtengeneza. Nilikuwa nimesikia darasani kwamba mhusika lazima awe na dosari, nikampa Sabrina kovu shavuni. Kovu jembamba, lililozidisha uzuri wake. Nikamuua mama yake pia, ili awe na huzuni machoni. Dada wa Kigoma alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja: "Hilo kovu linamuuma lini?" Nikaelewa kwamba nilikuwa nimempamba tu. Dosari isiyomgharimu mtu chochote ni hereni.

Miaka mingi baadaye nilikuja kujua kwamba wakati mimi sijazaliwa, huko Marekani, mwanamke aitwaye Paula Smith alikuwa amemwandika Sabrina wangu. Ilikuwa mwaka 1973, katika jarida dogo la mashabiki wa Star Trek. Alikuwa amesoma hadithi nyingi za mashabiki wenzake ambamo msichana mmoja mpya anakuja kuwazidi wote, akaandika kisa kifupi cha kuwaonyesha. Akamwita Luteni Mary Sue, afisa mdogo kuliko wote, umri miaka 15 na nusu, hodari wa kila kitu, ambaye mwishoni anakufa huku mashujaa wote wanamlilia. Jina hilo likabaki kuwa jina la wahusika wa namna ile duniani kote. Niliposoma umri wake moyo ulinishtuka. Ulikuwa umri wangu wa Lushoto.

Lakini sikubaliani na jinsi jina hilo linavyotumika mara nyingi. Limekuwa fimbo ya kuwapiga wasichana wanaoanza kuandika, hata pale mhusika wao hajakosa lolote ila kuwa mwanamke anayejua kazi yake. Katika vitabu vya Elvis Musiba tulivyopokezana, sikumbuki Willy Gamba akikosa nauli wala akisahau lugha, na hakuna aliyemwambia Musiba kwamba amejiandika mwenyewe. Msichana wa miaka 15 anayejiandika akiwa na nywele mpaka kiunoni anatafuta kitu, na kitu hicho si cha kuchekwa. Dada yule hakunicheka hata mara moja. Kama angenicheka ningefunga kaunta buku lile na nisingelifungua tena.

Kabati la vitabu la shule lilikuwa na ufunguo mmoja, na ufunguo ulikuwa kwa mwalimu wetu wa Kiswahili. Alipopata habari za mwendelezo hakuninyang'anya daftari. Aliniazima *Mzimu wa Watu wa Kale* cha Muhammed Said Abdulla, akaniambia kiliwahi kushinda shindano la uandishi kabla ya kuchapwa mwaka 1960, na kwamba nimtazame vizuri Bwana Msa mwenye kiko chake. Nikamtambua mara moja, kwa sababu tulikuwa tumesoma Sherlock Holmes aliyefupishwa kwa ajili ya somo la Kiingereza. Yule mpelelezi wa Conan Doyle alikuwa amevuka bahari akateremka Unguja. Kiko, rafiki wa kumfuata na kumuuliza maswali, namna ya kukaa kimya kisha kusema jambo ambalo wengine hawakuliona: vyote hivyo vilitoka London. Kilichobaki kilitoka kwao mwandishi, kuanzia mashamba na mizimu hadi watu wenye siri zao za ukoo. Abdulla alikuwa mtu wa Makunduchi, na hakuiacha nyumbani.

Mwalimu alinionyesha pia orodha ya vitabu vingine vya mwandishi huyo. Kimoja, cha mwaka 1984, kinaitwa *Kosa la Bwana Msa*. Nilikitazama kichwa hicho muda mrefu. Mwandishi aliyemlea mpelelezi wake kwa zaidi ya miaka 20 ameandika neno kosa mbele ya jina lake, juu ya jalada, mahali pa kila mtu kuona. Mimi nilishindwa kumpa Sabrina hata kovu linalouma.

Jumapili moja shule ilitupeleka matembezi Irente. Anayejua Usambara anapajua: mlima unakatika ghafla, na chini yako, mbali mno, kuna uwanda wa Wamasai, mistari ya mkonge wa Mazinde iliyonyooka kama iliyochorwa kwa rula, na reli. Wasichana walikuwa wanasogea ukingoni na kurudi, wanapiga kelele. Mmoja akaona treni. "Tazameni, kama jongoo!" Wote wakakimbilia kuitazama.

Nilijua ni treni gani. Nilijua imetoka wapi, itafika Mombo saa ngapi, na nani atakuwa dirishani ikifika. Baba yangu alikuwa karani wa tiketi stesheni ya Mombo. Nilikuwa nimewaambia wenzangu kwamba yuko makao makuu ya Reli, Dar es Salaam. Nililisema siku ya kwanza kabisa, tulipokuwa tunafungua matranka na kila mmoja anataja kazi ya baba yake, kukiwa na binti wa daktari upande huu na binti wa mkurugenzi upande ule. Mwaka na nusu nilikuwa nimeulinda uongo ule. Hata siku za kufunga shule nilihakikisha nateremka na basi la mwisho, ili nisionekane nashukia Mombo na kwenda kwa miguu stesheni.

Nikitazama treni ile nikajua Sabrina ametoka wapi. Balozi wa Geneva alikuwa baba yangu aliyefichwa.

Likizo fupi ilipofika niliteremka. Kutoka Lushoto hadi Mombo ni kama kilomita 33, kona juu ya kona, maporomoko ya Soni yako pembeni, na kila kona sweta linazidi kuwa mzigo. Baba alikuwa zamu ya jioni. Nikaingia kwa mlango wa nyuma, nikakaa kwenye kigoda chake cha akiba, nikafanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya nilipokuwa mtoto wa kukimbia huku na huku humo ndani. Nikamtazama akifanya kazi.

Tiketi za siku zile zilikuwa vikadi vidogo vinene, kila kimoja kimechapwa stesheni ya kutokea, ya kwenda, daraja, na namba yake. Zilikaa kwenye kabati la mbao lenye vijia vilivyosimama wima, kila safari na kijia chake, namba ndogo iko chini. Abiria akitaja aendako, baba alivuta cha chini, akakisukuma kwenye mashine ya kugonga tarehe, kach, akakitoa, akahesabu chenji. Hakutazama mikono yake. Alimtazama mtu. "Mama, huo mzigo utaupeleka kwa gadi." "Kijana, treni ya Moshi imeshapita, hii inakwenda Tanga." Treni ilipoondoka alifungua daftari kubwa na kuandika namba. Akanieleza kwa sababu nilimuuliza, na nadhani ilikuwa mara yangu ya kwanza kumuuliza chochote kuhusu kazi ile. Ukifungua zamu na namba 4417, ukafunga na 4452, umeuza tiketi 35. Zidisha kwa nauli. Fedha iliyo kwenye droo ikipungua, hiyo ni shoti, na shoti analipa karani.

"Umewahi kupata shoti, baba?"

Alichelewa kujibu. "Mara nyingi, mama. Nyingine si makosa ya hesabu. Mtu anakuja na mgonjwa, hana nauli ya kutosha, treni iko pale. Utafanyaje?"

Nikarudi shuleni na kaunta buku jipya. Sabrina sikumuua. Nilimwacha Geneva. Nikamwandika mwanamke mwingine, Mwantumu, miaka 31, karani wa tiketi katika stesheni ndogo chini ya mlima, ana mtoto anayelelewa na bibi yake Muheza, na miguu inamvimba akisimama sana. Joram Kiango anafika stesheni hiyo akimfuata muuaji anayedai alisafiri Alhamisi. Ushahidi ni kipande cha tiketi kilichokutwa mfukoni, tarehe imefutika kwa maji, namba inasomeka. Joram anakwenda dirishani. Mbele yake kuna watu tisa. Mwantumu anamwambia apange foleni, na Joram Kiango anapanga foleni.

Mwantumu hakujua kupigana. Alijua kitu kimoja ambacho Joram hakukijua: kwamba namba husema siku. Kwa hesabu ya daftari tiketi ile iliuzwa Alhamisi, kwa hiyo muuaji alisema kweli. Ila daftari lilikuwa na uongo wa tiketi moja. Jumatano Mwantumu alimkopesha shangazi yake tiketi, akaificha shoti kwa kupunguza namba ya kufungia kwa moja, na tiketi ya muuaji ilikuwa ya mwisho kuuzwa Jumatano hiyo. Akinyamaza, mtu mwenye hatia anatoka. Akisema, amekiri kughushi daftari la serikali mbele ya Inspekta Kombora.

Kurasa zile zilijiandika zenyewe kwa namna ambayo za Sabrina hazikuwahi. Kombora akawa tena mpelelezi: yeye ndiye aliyeona kwamba wino wa namba ile si wino wa siku ile. Nuru akafufuka, kwa kuwa sasa nilimhitaji. Aliingia kwa mlango wa nyuma na vikombe viwili vya chai, akakaa kwenye kigoda, akamwacha Mwantumu alie kwanza. Joram angeuliza maswali. Nuru hakuuliza. Jambo hilo lilinishangaza hata mimi niliyeliandika: Mwantumu alipokuwa mtu, wote waliomzunguka walirudiwa na akili zao.

Nami nilikuwemo. Nilikuwemo zaidi kuliko katika Sabrina. Ule woga wa daftari kufunguliwa, kuhesabu nani anajua na nani hajui, uongo mdogo unaodai ulishwe kila siku, vyote vilikuwa vyangu. Watu husema mwandishi asijiweke ndani ya hadithi. Mimi siwaambii vijana hivyo. Nilijiweka mara mbili katika mwaka mmoja, na mara ya kwanza niliyemweka hakuwa mimi.

Nilisoma Jumamosi mbili mfululizo. Betri zilikuwa zinaisha, mwanga umekuwa wa njano, na hakuna aliyekoroma. Nilipofika pale Mwantumu anapofungua daftari mbele ya Kombora, binti wa daktari akanikatiza kutoka gizani.

"Ngoja kwanza. Haya mambo ya namba za tiketi umeyajuaje?"

Ningeweza kusema nimesoma mahali. Jibu hilo lilikuwa tayari mdomoni.

"Baba yangu ni karani wa tiketi," nikasema. "Mombo. Siku ile Irente, ile treni, alikuwa anaisubiri yeye."

Mvua nyembamba ilikuwa inagonga bati. Nilisikia mtu anageuka kitandani. Kisha kidole kikagonga mbao chini yangu, mara mbili.

"Endelea kusoma, mdogo wangu," akasema dada wa Kigoma. "Anakiri au hakiri?"

Mtobwa alifariki mwaka 2008. Sikuwahi kumwandikia kumwambia kwamba Joram wake alipanga foleni dirishani kwa baba yangu. Nilisikitika siku ile, na bado nasikitika.

Likizo ya Desemba nikamletea baba kaunta buku. Alilisoma stesheni, katikati ya treni na treni, miwani imeteremka puani, anarudi nyuma kurasa kama anayekagua hesabu. Habari za mauaji hazikumshughulisha. Aliniita dirishani akaweka kidole juu ya mstari mmoja.

"Hapa umekosea, mama. Umeandika namba ya kufungia ni ya tiketi ya mwisho kuuzwa. Siyo. Ni ya tiketi ambayo bado hujaiuza."

Nikachukua kalamu yake nikasahihisha hapo hapo. Yeye akabaki ameshika daftari.

"Huyu Mwantumu. Ile shoti aliilipa?"

Nikamwambia sikuandika, kisa kiliisha pale muuaji alipokamatwa.

"Andika," akasema. "Andika wanamkata kidogo kidogo. Wakimkata mkupuo mmoja, yule mtoto wa Muheza atakula nini?" Nje watu walikuwa wameanza kunyanyua mizigo. Akanirudishia kaunta buku, akafungua dirisha, akavuta kikadi cha chini.